Kiriba Nilichokishona Mwenyewe

Andiko: Mathayo 9:14-17, Luka 5:33-39



Pasta aliponiomba niandike ukurasa wa wiki hii, nilimwambia nitaandika juu ya viriba. Akacheka. "Mzee, hilo si umelihubiri mara kumi?" Ni kweli. Nimelihubiri kwa vijana, nimelihubiri kwa kina mama, hata kwenye mazishi moja nililipitisha. Na mara zote hizo kiriba kikuukuu kilikuwa mtu mwingine. Kilikuwa dhehebu lingine, kilikuwa wazee wa kijijini, kilikuwa Mafarisayo. Leo naandika kwa sababu miezi mitatu iliyopita nilijikuta mle ndani ya ule mfano, na sikuwa divai.

Kwanza tuelewane kiriba ni nini, maana wengi wetu tunalitamka neno hili kanisani tu. Mbuzi alichunwa bila kupasuliwa tumbo, ngozi ikatengenezwa, miguu ikafungwa, na shingo ikabaki kuwa mdomo. Hapo ndipo divai ilipotiwa. Sasa divai mpya ni maji ya zabibu ambayo bado yanachachuka. Yakichachuka yanatoa hewa, na hewa inataka nafasi. Ngozi mpya ni laini, inatanuka pamoja na kilicho ndani. Ngozi ya zamani ilishatanuka siku zake mpaka ikafika mwisho, ikakauka ikiwa hivyo. Ukiitia kitu kinachochachuka haina tena pa kwenda. Inapasuka.

Sisi ni kanisa lisilokunywa pombe, kwa hivyo nitatumia uji. Marehemu mama yangu alikuwa akiloweka unga wa wimbi mpaka uchachuke. Siku moja, nikiwa bado mwanafunzi, nikaona nimsaidie. Nikaumimina ule mchanganyiko kwenye mtungi wa plastiki wa lita tano na kukaza kifuniko kwa nguvu zangu zote, usimwagike. Asubuhi mtungi ulikuwa umevimba kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani yenye umande. Kifuniko kilipofunguka, uji ulifika kwenye mabati. Mama hakuuliza nani amemwaga uji. Aliuliza nani aliyekaza kifuniko.

Hebu sasa tuangalie ni nani waliomuuliza Yesu lile swali. Tumezoea kusema ni Mafarisayo, lakini Mathayo anasema walikuwa wanafunzi wa Yohana Mbatizaji. Na kitabu kicho hicho kimeshatuambia, kwenye sura ya 4, kwamba Yohana ametiwa gerezani. Fikirieni hali yao, wapendwa. Mwalimu wao yuko jela, wao wanafunga na kuomba, halafu wanapita wanawakuta wanafunzi wa huyu Yesu wakiwa mezani kwa mtoza ushuru, wanakula na kucheka. Wewe ungeuliza nini? Mimi ningeuliza vilevile, na pengine kwa sauti ya juu zaidi. Si watu wabaya hawa. Ni watu walio na uchungu, na kufunga kwao kulikuwa kwa kweli.

Na Yesu hakuwakemea. Aliwajibu kwa habari ya arusi: mtu hawezi kuomboleza bwana arusi akiwa pale pale. Sasa angalieni upole huo. Ni Yohana mwenyewe, katika Injili ya Yohana sura ya 3, aliyejiita rafiki wa bwana arusi, anayefurahi akisikia sauti yake. Kwa hivyo Yesu aliwajibu kwa neno la mwalimu wao. Kisha akaongeza kwamba siku zitakuja ambapo bwana arusi ataondolewa, na siku hizo watafunga. Hakufuta kufunga. Baada ya hapo ndipo akataja kiraka na viriba.

Nasisitiza mpangilio huo kwa sababu tumezoea kuruka mpaka kwenye viriba, tukakata mfano hapo, tukaufanya kuwa silaha. Ukiukata hapo, mfano unasema tu kwamba kipya ni kizuri na cha zamani ni kibaya, na kila mtu mwenye wazo jipya anaweza kuuvaa. Lakini kilichotangulia ni bwana arusi. Swali la kwanza la Yesu halikuwa ni kitu cha lini. Lilikuwa ni nani aliyekaa mezani.

Torati iliamuru mfungo mmoja tu kwa mwaka kwa watu wote, Siku ya Upatanisho. Baadaye watu wa Mungu wakaongeza mingine, mingi ikitokana na misiba iliyowapata. Wakati wa Yesu yule Farisayo wa Luka 18 anajivunia kufunga mara mbili kwa wiki. Siku zenyewe zilikuwa Jumatatu na Alhamisi. Sasa kuna kitabu kidogo cha Wakristo wa zamani sana kiitwacho Didake, ambacho wasomi wengi hukiweka mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ile ya pili. Kitabu hicho kinawaonya Wakristo wasifunge pamoja na wanafiki, ambao hufunga Jumatatu na Alhamisi. Wafunge lini basi? Jumatano na Ijumaa.

Nilipolijua hilo nilicheka, halafu kicheko kikaisha. Wale ndugu zetu walikuwa wamepokea divai mpya kabisa, pengine wengine walikuwa watoto wa watu waliowajua mitume, na walichofanya ni kubadilisha siku. Kiriba kilikuwa kile kile, mara mbili kwa wiki, ila sasa ni chetu. Na sisi hapa kanisani tuna mfungo Jumatano na kesha Ijumaa. Mnaona?

Sasa nije kwangu.

Wengi wenu mnajua kwamba daftari la mfungo na kesha liko mkononi mwangu, na limekuwa huko kwa miaka mingi. Mwaka jana niliona majina ya vijana yanapungua. Nikapeleka pendekezo kwenye kamati: asiyefunga Jumatano, na asiyefika kesha angalau mara mbili kwa mwezi, asipande madhabahuni kuhudumu. Asiimbe, asipige chombo, asishike kipaza sauti. Kamati ilipitisha. Nataka iandikwe hapa wazi kwamba halikuwa wazo la Pasta wala la mtu mwingine yeyote. Lilikuwa langu, na nililiandika kwa mwandiko wangu.

Wa kwanza kuguswa alikuwa kijana wetu wa ngoma. Sitamtaja, mnamjua. Ni mwendesha boda boda. Nilimwita ofisini nikamwonyesha daftari. Jina lake lilikuwa na nafasi tupu kama meno ya mtoto wa miaka sita. Akanieleza, bila hasira, kwamba Ijumaa usiku ndiyo siku ya pesa, na akiikosa hiyo, kodi ya nyumba haitoshi. Kuhusu Jumatano, alisema kukaa juu ya pikipiki kutwa nzima kwenye jua, tumbo tupu, na abiria mgongoni, ni kumjaribu Mungu. Nikamwambia kanuni ni kanuni. Akatoa vijiti vya ngoma kwenye koti, vimefungwa kwa rababendi, akaviweka mezani. "Sawa, mzee," akasema. Hakubisha. Angebisha ningelala vizuri zaidi usiku ule.

Ile "sawa, mzee" ilinirudisha mbali sana.

Mwaka 1983 nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimeenda kwenye mkutano wa injili, nikabatizwa kwa Roho Mtakatifu, nikarudi nyumbani nikiwa kama mtungi ule wa uji. Jumapili iliyofuata niliingia kwenye kanisa la baba yangu, kanisa la zamani lililoletwa na wamisheni, lenye kitabu cha sala na mabenchi ya mbao, ambalo baba alikuwa mzee wake. Katikati ya maombi ya kimya nikanena kwa lugha, kwa sauti kubwa. Baba aliinuka, akanishika mkono taratibu, akanitoa nje. Hakunipiga wala kunitukana. Jioni alinikalisha akaniambia, "Mwanangu, huyo Mungu unayempigia kelele, mimi nimemwomba kimya tangu hujazaliwa."

Nami nikamjibu kwa andiko. Mnalikisia. Nikamwambia yeye ni kiriba kikuukuu na mimi ni divai mpya, na asiposhangaa atapasuka. Baba akaninyamazia. Nilihama kanisa lile mwezi huo huo, na kwa miaka mitatu hatukula meza moja ila kwenye mazishi. Baadaye tulipatana, kwa namna ya wanaume wa kwetu, yaani tuliacha kulizungumzia. Alifariki mwaka 1996. Lile neno sikuwahi kuliomba msamaha.

Nimehubiri ushuhuda huo mara nyingi, mpaka pale alfajiri nilipotolewa nje, maana hapo ndipo watu husema haleluya. Jambo moja sikuwahi kulitaja. Chumba changu cha utotoni kilipakana na cha wazazi kwa ukuta wa udongo, na kila siku saa kumi alfajiri nilisikia kikohozi cha baba, halafu magoti yakigusa sakafu, halafu kimya kirefu. Mimi sikujifunza kuamka kuomba kwenye ule mkutano. Nilijifunza nyuma ya ule ukuta. Niliondoka nyumbani nikijisifia divai, na kumbe nilikuwa nimeinywea kwenye kiriba cha mzee.

Basi, nirudi kwa vijana. Ilisemekana kwamba wale wa boda boda wana kikundi chao cha maombi stejini karibu na soko, saa kumi na moja alfajiri, na kamati ikanituma nikachunguze kama kuna mafundisho ya kupotosha. Nilienda. Nilikaa kwenye kibanda cha chai, kofia nimeishusha, kama askari kanzu.

Walikuwa kama kumi na watano. Walizima injini, helmeti wakazitundika kwenye usukani. Mmoja akasoma aya chache kwenye simu. Kijana wetu wa ngoma akaomba. Nitaandika jinsi alivyoomba, na mnisamehe, maana ndivyo nilivyosikia: "Buda, asante umetuamsha. Tuchunge leo kwa barabara. Na yule msee wetu ako wadi, usimwache." Amina. Helmeti moja ikapitishwa, wakatia noti na sarafu, wengine wakatuma kwa simu, za bili ya huyo mwenzao aliyelazwa baada ya ajali. Halafu injini zikawaka, wakatawanyika. Nilikuwa nimeangalia saa: dakika kumi na mbili. Kesha yetu ni saa saba.

Nakiri kwamba kitu cha kwanza kilichonipanda ni hasira, na haikuwa juu ya dakika. Ilikuwa juu ya "Buda". Mungu Mwenyezi, aliyeumba mbingu na nchi, anaitwa Buda? Nilikunywa chai yangu nikiandaa ripoti kichwani. Lakini chai ilikuwa moto, ikanichukua muda, na katika huo muda nikakumbuka Gethsemane. Kwenye Marko 14 Yesu anaomba akisema Aba. Ni neno la Kiaramu, lugha iliyozungumzwa nyumbani kwao, na Paulo, akiwaandikia Warumi na Wagalatia kwa Kigiriki, aliliacha vilevile. Kwa nini hakuliondoa? Nadhani kwa sababu ndivyo walivyozoea kumwita. Mimi siwezi kuomba nikisema Buda. Ulimi wangu hauendi huko, na sidhani Mungu ananidai hilo. Lakini sikuweza tena kuandika ile ripoti.

Jambo la pili lilinijia njiani nikirudi, na ndilo lililonifanya niombe ukurasa huu. Nilijiuliza: kesha yetu ilianzaje? Wachache tuliobaki wa wakati ule tunajua. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Walimu wawili, fundi cherehani mmoja, wengine vibarua wa mashambani na kina mama wa soko. Mchana wote tulikuwa kazini. Jioni kina mama walikuwa na watoto wa kulisha. Jumapili hatukuwa na jengo, tulikodishiwa chumba cha shule kwa saa mbili tu. Saa pekee iliyokuwa yetu ni Ijumaa usiku, watoto wakishalala. Ndipo tukampa Mungu hiyo. Hakuna malaika aliyetuambia Ijumaa. Hakuna andiko lililosema saa tatu usiku mpaka saa kumi. Tulimpa Bwana saa tuliyokuwa nayo.

Na vijana hawa wanafanya nini stejini? Wanampa Bwana saa waliyo nayo.

Hicho ndicho kilichonichoma. Nilikuwa nimeihifadhi saa, nikaisahau sababu. Ningekuwa nimeihifadhi sababu, ningewatambua wale vijana kutoka mbali kama ndugu zangu wa mwaka ule, maana wao wanatufanana sisi wa wakati ule kuliko sisi wenyewe tunavyojifanana leo.

Si sisi wa kwanza. Kanisa la Kipentekoste lote tunapenda kukumbuka mtaa wa Azusa, Los Angeles, mwaka 1906. Lakini tukumbuke pia yaliyotangulia. William Seymour, mhubiri mweusi, mtoto wa watu waliowahi kuwa watumwa, alialikwa kwenye kanisa dogo la watu wa utakatifu mjini humo. Akahubiri, na aliporudi akakuta mlango umefungwa kwa kufuli. Kanisa hilo lenyewe halikuwa la zamani. Lilikuwa la watu waliotoka kanisa lingine wakitafuta moto zaidi. Na baadaye mwaka huo huo, Charles Parham, mwalimu wa Seymour mwenyewe katika habari za ubatizo wa Roho, alifika Azusa, akaona mambo, akayakataa. Kiriba hakikuhitaji miaka mia ili kikauke. Hapa kwetu, mwaka 1942, Zakayo Kivuli, aliyekuwa mtu wa misheni ya Kipentekoste ya Nyang'ori, alianzisha African Israel Church Nineveh, wale ndugu wenye kanzu nyeupe na vilemba tunaowaona wakiandamana na ngoma Jumapili. Sisi tunawatazama kandokando ya barabara na kutikisa vichwa. Lakini walitoka nyumba yetu.

Kuna upande wa pili, na sitautendea haki nisipouandika. Nilipowaeleza baadhi ya wanakamati kwamba nataka ile kanuni iondolewe, mama mmoja, ambaye namheshimu kuliko ninavyojiheshimu, aliniuliza maswali mawili. La kwanza: "Mzee, kesha hiyo ndiyo iliyomrudisha mwanangu kutoka kwa chang'aa. Ukiilegeza kwa ajili ya pikipiki, kesho utailegeza kwa ajili ya mpira?" La pili aliliuliza kwa sauti ya chini. Alitaja Shakahola. Ni juzi tu, mwaka 2023, huko Kilifi, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msituni, ya watu waliofundishwa kufunga mpaka wafe ili wakutane na Yesu. "Hayo pia yaliitwa ufunuo mpya," akasema. "Wale nao waliambiwa makanisa ya zamani yamekufa."

Nilikaa na neno hilo siku kadhaa. Ana haki. Si kila kinachochachuka ni divai. Kuna kitu kinachovimba kwa sababu kimeoza. Na mtu anayekuja na mafuta ya upako ya kuuza, au anayekuambia usimpeleke mtoto hospitali, atalitumia andiko hili hili la viriba dhidi ya mzee yeyote atakayemuuliza swali. Kiriba kina kazi. Bila kiriba divai inamwagika chini, haina faida kwa mtu. Daftari langu, pamoja na ubaya wake wote, limewahi kunionyesha dada aliyekosa wiki tatu, nikaenda kwake nikamkuta mgonjwa, peke yake.

Lakini nikilinganisha Shakahola na steji, naona tofauti ambayo haihusu upya. Kule msituni watu walitengwa na jamaa zao, chakula kikaondolewa, watoto wakaangamia. Pale stejini helmeti ilipitishwa kwa ajili ya mtu aliye wadini. Zakaria aliwahi kupelekewa swali kuhusu mfungo wa siku nyingi, kama uendelee au uachwe, na jibu la Bwana kwenye sura ya 7 likarudi kama swali: mlipofunga, je, mlinifungia mimi? Halafu maneno yakaenda moja kwa moja kwa mjane, yatima, mgeni na maskini. Hicho ndicho kipimo ninachokiona, na kinapima msitu, kinapima steji, kinapima na kesha yetu. Sijui kama kesha yetu, jinsi ilivyo sasa, imempitishia mtu helmeti karibuni. Nimepitia daftari. Nina mahudhurio ya miaka yote. Sina ukurasa hata mmoja wa nani alisaidiwa.

Kuna mistari miwili ya mfano huu ambayo katika mahubiri yangu yote kumi nimekuwa nikiiruka. Wa kwanza ni mwisho wa Mathayo 9:17. Yesu anasema divai mpya ikitiwa katika viriba vipya, vyote viwili huhifadhiwa. Vyote viwili! Mimi nilidhani anaililia divai tu. Kumbe anakihurumia na kiriba, hataki kipasuke. Kile kilichombeba Mungu kwa ajili ya wazazi wetu si takataka machoni pake. Nilipomwambia baba yangu atapasuka, niliyasema kama ushindi. Bwana aliyasema kama hasara.

Mstari mwingine uko Luka 5:39, na ni Luka peke yake anayeuandika. Yesu anasema mtu aliyekunywa ya zamani hatamani mpya, kwa maana huona ile ya zamani ni njema. Wahubiri wengi husema hapo anawakemea. Inawezekana. Mimi, kwa umri nilio nao sasa, nasikia sauti ya mtu anayeelewa watu. Ni kweli, ile ya zamani ni njema. Nimeinywa. Nakumbuka Ijumaa moja ya mwaka 1986, watu kumi na mmoja na taa ya chemni, mvua juu ya mabati, na hakuna aliyetaka kuwe asubuhi. Ukinipa dakika kumi na mbili za stejini badala ya usiku ule, nitakuambia la. Baba yangu naye angekuambia la, kwa ajili ya kile kimya chake cha saa kumi alfajiri. Lakini yeye hakuniandikia kanuni. Alinitoa nje siku moja, kwa mkono, taratibu, halafu akaendelea kukohoa na kupiga magoti, na sasa naamini mimi nilikuwa mmojawapo wa wale aliokuwa akiwaombea.

Kamati inakutana Jumamosi hii. Ajenda yangu ni ya nne, baada ya choo cha watoto na hesabu za harambee. Nitaomba kanuni iondolewe na daftari lipewe mtu mwingine, mwenye umri wa chini ya miaka arobaini, na liwe na safu ya pili ya wagonjwa na wenye shida. Kesha iendelee. Mimi nitakuwepo kila Ijumaa magoti yakinikubali. Yule mama ameniambia atapinga, na ameniambia pia kwamba atakuja kunipa chai kabla ya mkutano, kwa hivyo sijui itakuwaje.

Jumanne iliyopita nilimtafuta kijana wa ngoma stejini nikamwambia haya yote, kifupi, huku akifuta vumbi kwenye kiti cha pikipiki. Nilimwomba msamaha. Akaangalia chini, akasema hana kinyongo. Nikamuuliza kama atarudi kwenye ngoma kanuni ikitolewa. Akasema Jumapili atakuja, ila Ijumaa bado atakuwa kazini, nisije nikatarajia mengine. Halafu akaniuliza, "Na wewe mzee, utakuja hapa tena, ama ulikuwa unatuchunguza tu?" Kumbe waliniona. Nikamwambia saa kumi na moja ni mapema kwa mtu wa umri wangu na baridi hii. Akacheka, akasema kibanda cha chai hufunguliwa saa kumi na nusu.

Vijiti vyake bado viko kwenye droo ya meza yangu, vimefungwa na ile rababendi. Sikuwa navyo siku ile. Nitampelekea alfajiri ya Alhamisi.